Zimwi Asiye na Meno

Joyness alikuwa na daftari la jalada jekundu ambalo hakuna mtu ofisini aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi nililigusa siku ileile aliponipa kisogo. Nilidhani nitakuta mambo ya wanaume, kumbe ni mazimwi.

Kila ukurasa aliupiga mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika zimwi alivyosimuliwa na wazee: anakula watoto, anajigeuza kijana mzuri akaja kuposa, ana mguu mmoja, ana mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Upande wa kulia aliandika wa kwake. Na wa kwake, jamani, walikuwa wanalima maharage, wanagombana na wakwe na wanaona aibu.

"Teddy, ukimaliza kusoma urudishe kwenye droo," alisema nyuma yangu, bila hata kupandisha sauti. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Tulikuwa makarani wawili katika ofisi ya kusafirisha mizigo huku China, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake inapandisha mabelo mengi kuliko watu. Mwenye ofisi ni Agustino, Mnyakyusa mpole asiyependa kelele. Wafanyabiashara wa Tanzania na Kongo wakishanunua nguo zao na simu zao wanatuletea. Mimi napima katoni na kuzibandika namba, Joyness anaandika orodha ya mzigo kwenye kompyuta, kontena linajazwa na kupelekwa bandari ya Huangpu kupanda meli. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na haina hadithi yoyote ndani yake. Nadhani ndiyo maana yeye alizitafuta kwingine.

Akirudi chumbani kwake aliandika. Kila Jumamosi sehemu mpya ilitoka kwenye kundi la WhatsApp lenye wasomaji mia tatu na ushee, wengi wao wauguzi na walimu wa huko nyumbani, wanaobishana kuhusu zimwi fulani kana kwamba ni jirani yao. Mimi si msomaji. Kwetu Shinyanga zimwi alikuwa anakula watu, basi, habari imekwisha. Nikamuuliza Joyness kwa nini anamharibu zimwi wa watu.

"Simharibu," alisema. "Najiuliza tu, ule mdomo wa kisogoni ulikuwa wa nini kabla watu hawajaanza kumwogopa?"

Swali hilo alimuuliza kila mteja. Mtu amekuja kudai katoni zake zimelowa, Joyness anamwuliza kwenu zimwi alikuwaje. Chadrack wa Lubumbashi, anayenunua vifaa vya simu, alisahau hasira zake zote akaruka kwa mguu mmoja katikati ya ofisi. "Kwetu iko na muguu moja tu, et puis anaruka-ruka hivi, ma sœur, huwezi mukimbia!" Joyness akaandika upande wa kushoto, akanyonya kalamu, akaanza kuandika upande wa kulia.

Jibu la mdomo wa kisogoni alishalipata. Kwao Marangu, alisema, irimu, yaani zimwi, wa hadithi za bibi alikuwa nao, na ndio aliotumia kula watu kwa siri. Joyness aliuchukua mdomo uleule akaung'oa meno yote. Mama wa kizimwi, kwenye hadithi yake, anabeba mtoto mgongoni kama mama mwingine yeyote. Mdomo wa mbele ni wa kula na kusalimia watu. Wa nyuma kazi yake moja, kumwimbia mtoto aliye mgongoni.

"Sisi ukimbeba mtoto humwoni wala huwezi kumnong'oneza," alisema. "Zimwi anaweza."

Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka habari za Albina.

Albina ni mwanawe. Alimwacha kwa mama yake Marangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, akaja China kwa mkataba wa miaka miwili. Korona ikafunga mipaka, miaka miwili ikawa mitano. Alipopata likizo ya wiki tatu akaenda, mtoto akajificha nyuma ya bibi yake, akamwita shangazi. Wiki tatu zote akamwita shangazi. Joyness aliponisimulia hayo alikuwa anatabasamu, na mimi nilitamani nimpige kibao yule aliyebuni ndege. Kwenye simu mtoto alikuwa anasema "shikamoo," kisha unasikia simu inarudishwa kwa bibi.

Mpaka Joyness alipoanza kumtumia mazimwi kwa sauti, vipande vya dakika mbili mbili. Wiki ya tatu mtoto akauliza mwenyewe: "Huo mdomo wa nyuma unaimbaje?" Joyness akamwimbia wimbo aliotunga palepale. *Usilie, uko mgongoni, mdomo wangu u karibu nawe.* Kuanzia hapo mtoto akawa anaomba simu. Niseme wazi: yule mtoto alikuwa hamjui mama yake, alikuwa anamjua zimwi. Na Joyness alishukuru hata kwa hilo, kwa maana hakuwa na kamba nyingine ya kumvuta.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Albina alikuwa anatimiza miaka minane. Joyness akachora begi la shule: umbo la mama wa kizimwi anayeonekana kwa nyuma, nywele za nyuzi za sufu, na katikati ya kisogo mdomo mpana wa kitambaa laini, usio na jino hata moja. Nyuma ya mdomo alitaka pakae kidude cha kurekodi sauti, vile vinavyouzwa mafungu kwa mafungu kwa ajili ya midoli, ili mtoto akibonyeza mdomo asikie ule wimbo kwa sauti ya mama yake. Begi likikaa mgongoni kwa mtoto, mdomo uko nyuma. Alilifikiria vizuri.

"Nani atanishonea moja?" aliuliza.

"Mimi nina mtu wangu Kangle," nikasema. Mdomo wangu huu.

Tulipanda metro, tukabadilisha treni Changgang, tukashuka Lujiang, tukaingia Kangle kwa kupishana na baiskeli za mizigo zenye majora ya kitambaa. Karakana ilikuwa ghorofa ya pili, cherehani kumi na mbili, na laobanniang, yaani mama mwenye karakana, mwanamke mwembamba anayekula mbegu za alizeti siku nzima. Nguo ndiyo kazi yake, ila mabegi ya kitambaa hakatai. Aliutazama mchoro, akacheka kwa kuupenda, akaonyesha vidole kuuliza ngapi.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka sita ya kusindikiza wateja, nikajibu kabla Joyness hajafungua kinywa: sampuli mbili.

Ndivyo tunavyofanya sote. Ukitaka kushonesha mzigo, sampuli hutengenezwa mbili zinazofanana. Moja unaondoka nayo, nyingine inabaki imetundikwa ukutani mwa karakana, ili mzigo ukitoka tofauti muwe na cha kushikia. Bila sampuli ukutani umeibiwa. Jambo hili limeniingia kiasi kwamba sikujiuliza: mtu anayeshona begi moja la mwanawe, ya ukutani ni ya nini? Joyness aliniangalia kama anayetaka kuuliza. Akaniamini. Laobanniang akatundika la pili kwenye msumari kati ya kalenda na jezi za mpira, na mchoro wenyewe akauweka kwenye bahasha nyuma yake, kama ilivyo kawaida.

Begi lilibebwa na Hannah, mteja wetu wa Arusha aliyekuwa anarudi. Siku ya nne ikaja video. Albina analo mgongoni, anazunguka uani kwa bibi, mkono umepindishwa nyuma unatafuta mdomo, anabonyeza, wimbo unalia, anabonyeza tena. Mwishoni anakuja karibu na simu mpaka pua inajaa kioo. "Mama, linaimba!"

Alisema mama. Joyness alikwenda kukaa kwenye ngazi za jengo, wabeba mabelo wakawa wanamruka, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Miezi minne ilipita. Sostenes akaleta mzigo.

Sostenes ni mtu wa watu. Ana duka Moshi mjini la vitu vya shule, anaingia ofisini na chungwa kwa kila mmoja, anamwita Joyness dada na mimi shemeji, ingawa hakuna ndugu yake aliyenioa. Katoni arobaini na sita. Utaratibu ni kwamba nifungue moja nione kilichomo. Nikakata gundi ya katoni ya kwanza.

Nywele za sufu. Kisogo. Mdomo. Na kwenye mdomo, juu na chini, meno ya plastiki yaliyochongoka, fizi nyekundu, na matone ya damu ya kuchapwa yakishuka hadi kwenye mifuko. Nilibonyeza. Kidude kikanguruma.

Nilitaka kuifunga na kuibandika namba nikae kimya. Kweli nilitaka. Lakini Joyness ndiye mwandika orodha, na alikuwa amesimama nyuma yangu, kama siku ile ya daftari. Alilichukua begi, akalipindua, akaingiza vidole mdomoni, akapapasa meno moja moja.

"Kaka Sostenes," alisema, "hili umelitoa wapi?"

"Kangle! Kuna mama pale alikuwa nalo ukutani. Zuri, ila limekaa kibogoyo. Nikamwambia tia meno, tia damu, tia ngurumo. Watoto wa siku hizi hawanunui kitu kisichotisha." Alikuwa anamenya chungwa. "Kwani vipi, dada?"

Joyness akamweleza. Alimweleza yote, la mtoto, la wimbo, la mdomo kwa nini hauna meno. Sostenes aliacha kumenya. Nasema haki yake: alisikitika. Sura yake ilionyesha.

"Dada Joy, pole. Kweli sikujua. Lakini nikuulize bila ubaya. Huyu mwenye mdomo kisogoni umemuumba wewe?"

"Huyu asiye na meno ni wangu."

"Mimi nimezaliwa Kibosho. Bibi yangu alinitishia huyuhuyu mpaka nikakojoa kitandani. Alikuwa na meno. Wewe ulimchukua kwa bibi zetu ukamng'oa, hakuna aliyekuuliza. Mimi nimemrudishia meno yake. Nimekosa nini ambacho wewe hukukosa?"

Nilimtazama Joyness nikingoja jibu. Mtu aliyejaza madaftari manne, anayeweza kumtetea zimwi mbele ya wasomaji mia tatu, nilijua atakuwa nalo. Alilirudisha begi ndani ya katoni, akaifunga. Baadaye aliniambia kwamba hilo swali lilikuwa la kwake mwenyewe, alishaliandika siku nyingi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jekundu, na hajawahi kulijibu.

Tulirudi Kangle kesho yake. Laobanniang alitupokea kwa furaha, akatupa mbegu za alizeti. Hakuona tatizo. Alionyesha kwa kidole: lile halina meno, hili lina meno; lile la kijani, hili jeusi; si kitu kimoja. Joyness alipoomba mchoro wake, mama yule alipekua bahasha zote mezani, akainua mikono. "Meiyou." Hakuna. Mchoro ulikwenda kwa mchapaji na haukurudi. Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, akamzawadia Joyness begi moja lenye meno.

Agustino naye tulimwendea. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Mama Albina, mzigo ni wa mteja. Leo nikizuia katoni kwa sababu ya hadithi, kesho nani ataniletea?" Akaongeza kwamba anaomba samahani. Kila mtu katika jambo hili alikuwa anaomba samahani, mpaka nikachoka na samahani zao. Ningepata mtu mmoja mbaya wa kumtukana ningelala vizuri.

Kwa hiyo Joyness aliandika orodha. Alikaa kwenye kiti chake, akachapa: mabegi ya shule, katoni arobaini na sita, kilo kadhaa. Mkono ulikuwa wake na jina la chini lilikuwa lake. Nilimwambia acha niandike mimi. Alisema, "Hapana, ni kazi yangu." Jumatatu kontena likaenda Huangpu.

Zilikuwepo wiki sita za meli, na katika hizo nilijaribu kuwa na akili. Nilimwambia awahi kabla ya mzigo, aandike kwenye hadithi kwamba kuna binadamu wanaowabandika mazimwi meno ya uongo ili wauze hofu. Aliandika. Ilikuwa sehemu nzuri, hata mimi niliisoma mpaka mwisho. Wasomaji wakaipenda. Mmoja, mwalimu wa Himo, akauliza hayo mabegi yanapatikana wapi, mwanawe anataka.

"Unaona?" alisema Joyness, akacheka kidogo. Sikupenda kile kicheko.

Akamwandaa mtoto pia. Akamtumia sauti, akamwambia yatakuja mabegi mengine yenye meno, lakini yale si mazimwi wa kweli, la kweli ni la kwako, mama amelichora. Mtoto akajibu sawa mama. Kwa wiki nzima baada ya hapo Joyness alikuwa anaimba peke yake akichapa orodha, nikaanza kuamini kwamba labda limepita.

Shule zilipofunguliwa Januari, mabegi ya Sostenes yalikuwa yameenea Moshi yote na kupanda mlimani. Bibi alipiga simu. Alisema Albina anarudi nyumbani amelikumbatia begi kifuani badala ya kulivaa. Darasani kwake wanayo kumi na moja, yote yana meno, yote yananguruma, na la kwake peke yake ni kibogoyo. Wamemwambia ni feki. Wamemwambia mama yake yuko China na huko ndiko feki zinakotoka, kwa hiyo amemtumia feki.

Miaka sita tunafanya kazi katika mji ambao tukisema neno hilo tunaangalia nyuma na mbele. Sikuwahi kufikiri litabandikwa kwenye kitu pekee cha asili kilichowahi kupita mikononi mwetu. Nilikasirika mpaka nikapiga teke katoni ya mtu. Joyness hakukasirika. Alimwambia bibi, "Mwambie ni la kweli." Bibi akasema, "Nimemwambia, mwanangu. Mtoto wa miaka minane unamwambia nini?" Akauliza kama amnunulie la dukani. Joyness alisema hapana, tafadhali mama, hapana.

Ilikuwa Alhamisi, saa ya kula, tunakula wali kwenye visanduku mezani. Simu ya Joyness ikalia: picha, na sauti moja ya mtoto. Picha ilikuwa ya begi lake. Kuzunguka mdomo wote, juu na chini, palikuwa na meno. Meno ya kitambaa cheupe, cha shati kuukuu nadhani, yamekatwa pembetatu na kushonwa kwa mkono, mshono mdogomdogo, imara, wa mtu mzima anayejua kushona. Bibi mtu alikaa akayashona, kwa sababu hakuvumilia kumwona mjukuu wake akilikumbatia begi.

Joyness akabonyeza sauti, tukasikiliza wote wawili.

"Mama, shikamoo. Bibi amelitia meno! Leo nimelivaa na hakuna aliyesema feki. Neema ameniambia ni kali kuliko la kwake. Ila haliimbi tena. Bibi anasema labda sindano imetoboa waya. Lakini usijali, mama. Wenye meno huwa hawaimbi."

Aliisikiliza mara tatu. Wali wake ulikuwa unapoa, nikaufunika. Nilitamani aseme kwamba kosa ni langu, sampuli mbili, ule msumari wa ukutani. Hakusema siku ile, na hajasema mpaka leo.

Alibonyeza kurekodi, akaanza kuimba. *Usilie, uko mgongoni.* Akaachia kidole, akafuta. Akabonyeza tena, akafika neno la pili, akafuta. Mara ya tatu akajiweka sawa kwenye kiti na kuchangamsha sauti, kama anavyofanya mteja akiingia.

"Marahaba mwanangu. Nimeyaona. Meno yamelipendeza sana. Mwambie bibi ahsante."

Akatuma.